Uhalisia wa nusu ndio unaovuruga mizani kwenye gemu za futiboli ya Kimarekani (uzi mrefu)

#1 – Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Kila msimu mpya ukianza kwenye hizi ligi za mtandaoni, ugomvi ni uleule. Mtu kapata kwotabeki (mpiga pasi wa timu) mwenye mbio za ajabu, kashinda mfululizo, kundi zima linamlilia kamishna, yaani msimamizi wa ligi: mpunguze makali huyo mchezaji. Upande wa pili unakuja juu: mchezaji mwenyewe ndivyo alivyo kwenye NFL, ligi kuu halisi ya Marekani, mkimgusa mmeua uhalisia. Wiki inaisha hivyo, watu wawili watatu wanajitoa, na msimu ujao tunaanza upya.

Tumejigawa kambi mbili, ya uhalisia na ya mizani, kana kwamba ukichagua moja unaiacha nyingine. Mimi sikubaliani na mgawanyo huo hata kidogo. Karibu kila zimwi, yaani mchezaji asiyezuilika, ninayemfahamu kwenye historia ya gemu hizi alizaliwa kwa uhalisia uliokatwa nusu. Waundaji walinakili vizuri kile mchezaji anachoweza, wakaacha nje vile vinavyomzuia. Ukitaka mizani, irudishe ile nusu iliyoachwa. Kumshusha alama ni njia ya mkato inayoharibu vyote viwili.

Kwa wageni, haraka haraka: ni 11 kwa 11. Wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea yadi 10. Wakifika wanapewa mengine manne, wakishindwa mpira unahama, kwa hiyo jaribio la nne mara nyingi mpira hupigwa mbali kwa mguu ili mpinzani aanzie nyuma. Kwotabeki ndiye mpiga pasi, mbele yake kuna safu ya watu watano wanaomkinga. Kabla ya kila jaribio ulinzi unakisia: wanakimbia nao au wanarusha? Gemu zenyewe ziko za kushika padi na kucheza mtu kwa mtu kama Madden NFL, za umeneja kama Front Office Football iliyotoka 1998, na zile ambazo kila mwanachama anajenga mchezaji wake mmoja tu na injini, yaani programu ya gemu, ndiyo inacheza mechi. Nitakayosema yanagusa zote, ingawa si kwa uzito sawa.

Tuanze na zimwi maarufu kuliko wote, Bo Jackson wa Tecmo Super Bowl. Gemu ile ya Nintendo ilitoka mwishoni mwa 1991 na hadi leo watu wanaizungumzia. Unampa mpira, anazungukazunguka uwanjani, hakamatiki. Sasa angalia mtu mwenyewe. Msimu wa 1990 akiwa na Los Angeles Raiders alibeba mpira mara 125 tu, akapata yadi 698. Hiyo ni yadi 5.6 kwa kila mbio, kiwango cha juu kabisa. Kwa hiyo kasi yake haikuwa uongo. Lakini kwa nini mara 125 tu? Kwa sababu alikuwa anacheza besiboli pia, akawa anajiunga na Raiders msimu ukiwa umeshaanza, na akifika anagawana mpira na Marcus Allen. Halafu Januari 1991 aliumia nyonga kwenye mechi ya mtoano dhidi ya Cincinnati Bengals, na hakucheza tena futiboli. Gemu ilipofika madukani, yule mtu hakuwa tena mchezaji wa NFL. Watengenezaji walichukua ile yadi 5.6, wakaacha mara 125, wakaacha nyonga. Ukiwa na gemu unampa mpira kila jaribio ukipenda. Hiyo ndiyo nusu ninayoisema.

Wa pili ni Michael Vick wa Madden NFL 2004. Mbio alama 95 kwa kwotabeki, wakati mabeki wengi wanaomkimbiza hawafiki hapo. Kwenye mashindano mengi ya mtaani alipigwa marufuku kabisa. Gemu ilitoka Agosti 2003, naye akiwa kwenye jalada. Mwezi huohuo Vick halisi alivunjika mguu kwenye mechi ya maandalizi dhidi ya Baltimore Ravens, na sehemu kubwa ya msimu ikampita. Tena Vick halisi hakuwa mpiga pasi makini: 2002 pasi zake zilizofika zilikuwa chini ya asilimia 55, na hata 2006, mwaka aliokuwa kwotabeki wa kwanza kufikisha yadi 1,000 za mbio kwa msimu, zilikuwa chini ya 53. Timu pinzani zilikuwa zinamwekea mtu mmoja kazi yake kumfuata yeye tu, zinamwachia arushe. Kwenye gemu kukimbia naye hakukugharimu kitu, na mlinzi uliyemweka amfuate alikuwa anaachwa kwa alama 95 zilezile.

Mtu atasema, basi mshushe hadi 88 yaishe. Ukimshusha, umepata kwotabeki wa kawaida anayeitwa Vick. Waliompenda wamekosa sababu ya kumchukua, na tatizo la injini liko palepale likimsubiri kijana mwingine mwenye 95.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani makamishna wengi hawalioni, kwa sababu jedwali la takwimu linaonekana safi. Tuseme injini yenu inatoa wastani wa yadi 4 kwa kila mbio. Kwenye NFL wastani huwa kidogo juu ya hapo, 4 na ushee, kwa hiyo kamishna anafurahi, anasema tumepata uhalisia. Lakini tuseme injini inatoa 4 kwa namna hii: 4, 4, 3, 5, 4, 4. Majaribio matatu yoyote mfululizo ni yadi 11 hadi 13. Unahitaji 10. Timu hiyo haitapiga mpira mbali hata siku moja. Itatembea uwanja mzima kwa mbio tupu hadi golini, na ulinzi hauna la kufanya.

NFL halisi inatoa karibu wastani huohuo kwa namna nyingine kabisa: 2, -1, 3, 0, 6, 1, 17, 3, 2, 7. Jumlisha ni 40 kwa mbio kumi, wastani 4 kamili. Ila angalia majaribio matatu ya kwanza: 2, -1, 3. Umebakiza yadi 6, jaribio la nne, mpira unapigwa mbali. Ukizipanga mbio zote za NFL kuanzia fupi hadi ndefu, iliyo katikati ya orodha ni yadi 3, maana yake nusu ya mbio zote haziendi zaidi ya hapo, na wastani unanyanyuliwa na chache ndefu. Hapo ndipo mchezo wote unapokaa. Hofu ya kubaki na yadi nyingi kwenye jaribio la tatu ndiyo inayomlazimisha kocha arushe. Injini ikiondoa ule mtawanyiko, umeondoa sababu ya kuwa na wapokeaji, mabeki wa pembeni, na hata huyo kwotabeki mnayemgombania. Ligi nzima itaishia kujenga wabeba mpira, kisha watu watasema wabeba mpira wana makali kupita kiasi.

Strat-O-Matic, gemu ya kadi na dadi iliyotoa toleo lake la futiboli 1968, ilikuwa na jibu zuri kwa karatasi tu. Kadi ina matokeo ya aina mbili kwa shambulizi lilelile: moja ulinzi ukikisia sawa, nyingine ukikosea. Nyota akikisiwa vizuri anazimwa. Akikisiwa vibaya anachanua. Hakuna aliyehitaji kumkata alama. Gemu nyingi za leo zenye picha za kung'aa zinaupa ukisiaji uzito mdogo kuliko karatasi ya 1968, na hilo linanisikitisha kweli.

Upande wa umeneja, watu wanasahau kwamba NFL yenyewe ni ligi iliyobuniwa ili timu zisiachane mbali. Timu mbovu kuliko zote inachagua ya kwanza kwenye drafti, ile zamu ya kuchagua wachezaji wapya. Tangu 1994 kuna ukomo wa mishahara, na kwa 2025 ulikuwa dola milioni 279.2 kwa timu, zigawanywe kwa wachezaji 53. Dak Prescott wa Dallas alisaini 2024 kwa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka. Piga hesabu: kwa wastani huo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya mfuko wote kwa mtu mmoja. Hakuna anayehitaji kumpunguzia Prescott alama, bei yake inafanya kazi hiyo. Unampata yeye, unakosa beki wawili na mlinzi wa kushoto.

Na bado kuna upenyo, hata kwenye ligi halisi. Tangu makubaliano ya 2011 mishahara ya wanaotoka drafti imebanwa, kwa hiyo kwotabeki mzuri akiwa bado mchanga ni wa bei rahisi sana. Seattle walitwaa ubingwa Februari 2014 wakiwa na Russell Wilson aliyechaguliwa raundi ya tatu, Kansas City Februari 2020 wakiwa na Patrick Mahomes kwenye mkataba wake wa kwanza. Ila upenyo huo una tarehe ya kuisha, kwa kuwa mkataba ni wa miaka minne, mitano kwa wa raundi ya kwanza. Ligi nyingi za mtandaoni zinaweka ukomo wa mishahara, halafu mikataba haiishi, au mchezaji anasaini kwa bei aliyopangiwa na kompyuta miaka mitatu iliyopita. Hapo mmenakili kiasi cha fedha tu.

Mfano mmoja wa mwisho, kwa sababu nao unaonyesha ukomo peke yake hautoshi. Madden Bowl ya 2020, mashindano ya gemu ya Madden, ilichezwa kwa ukomo wa mishahara. Raidel Brito, anayejulikana kama Joke, alimweka mpiga mpira wa mguu kwenye nafasi ya kwotabeki, yule ambaye kazi yake ni kupiga mpira mbali kwenye jaribio la nne. Hakurusha pasi, akakimbia na mpira kila jaribio, fedha aliyookoa akainunulia watu wa kumsaidia kukimbia. Akachukua ubingwa na dola 75,000. Simlaumu hata kidogo, alisoma kanuni vizuri kuliko wenzake. Lakini jiulize timu halisi ingefanyaje ikikutana na mpinzani ambaye haiwezekani arushe. Watu tisa, kumi, wangesogea mbele kabisa, na mbio zingekufa. Bei zilikuwa sahihi. Ulinzi ndio haukuwa na njia ya kuitumia taarifa ile.

Naomba kuwasilisha. Wenye hoja tofauti karibuni, hasa makamishna.

#2

Mkuu umeshusha nondo, nimesoma yote. Ila nikupinge kidogo.

Mimi natoka kazini saa 1 usiku, nikila nina saa moja ya kucheza na jamaa zangu mtandaoni. Unavyosema turudishe ile nusu iliyoachwa, yaani uchovu, majeruhi, mikataba, utageuza gemu iwe kazi ya uhasibu. Na majeruhi hasa! Jamaa yetu mmoja alijenga timu miezi miwili, mechi ya kwanza ya msimu kwotabeki wake akatolewa kwa msimu mzima. Akazima, hakurudi. Hiyo ni halisi kabisa kama unavyotaka, na imetupotezea mtu. Mizani kwangu ni wote tuendelee kucheza.

#3 – Mleta mada

Mkuu hoja yako ni nzito, na kwa gemu za kushika padi nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Hapo majeruhi ya msimu mzima yanaweza kuzimwa kabisa. Mchezaji anakosa robo moja, anarudi. Kinachotakiwa kubaki ni gharama ya kumtumia, na gharama hiyo si lazima iwe machela.

Ngoja nikuonyeshe kitu kwenye mpangilio wenu. Mnacheza robo za dakika ngapi? NFL ni dakika 15 mara nne, na kila timu inapata majaribio 60 na ushee kwa mechi. Ninyi mkicheza robo za dakika 5 mnapata pengine nusu ya hayo. Lakini uchovu kwenye gemu mara nyingi umepimwa kwa mechi ndefu. Matokeo yake nyota hachoki kamwe, mechi inaisha kabla. Mbeba mpira ambaye kihalisia angepokezana na mwenzake anabeba yote. Yule mwenzako wa akiba uliyemlipa hana kazi, na mwenye nyota mmoja anamshinda mwenye kikosi kipana. Kama gemu yenu ina kitelezi cha uchovu (kile cha kuongeza au kupunguza kasi ya kuchoka), kipandisheni kulingana na urefu wa robo. Hakuna uhasibu hapo, ni mara moja mwanzoni mwa msimu, na wale "wasiokamatika" mtawaona wanaanza kukamatika robo ya nne.

#4

Habari zenu. Mimi ni kamishna msaidizi kwenye ligi ya aina ya tatu uliyoitaja kaka, kila mtu na mchezaji wake mmoja, injini inacheza. Kwetu shida ya mizani iko sehemu ambayo hujaigusa: hakuna anayetaka kuwa mmoja wa wale watano wa safu ya mbele.

Kila anayejiunga anataka kuwa kwotabeki, mbeba mpira au mpokeaji. Ukiwa safu ya mbele hugusi mpira, takwimu zako hazionekani, ukifanya kazi vizuri msimu mzima sifa zinaenda kwa aliye nyuma yako. Kwa hiyo timu nyingi zilikuwa zinajaza nafasi hizo kwa roboti, yaani wachezaji wa kompyuta wasio na mwenyewe, wa kiwango kimoja. Na roboti wakilingana timu zote, safu ya mbele imetoka kwenye hesabu. Kilichobaki kuamua mechi ni kwotabeki na wapokeaji tu. Hapo ndipo wale nyota wakawa mazimwi.

Tulichofanya: timu inanunua roboti kwa fedha ya ukomo wa mishahara, wazuri ni ghali. Anayekubali kujenga mtu wa safu ya mbele kwa hiari anapata pointi za kujengea haraka zaidi misimu miwili ya kwanza. Na tumeanza kuchapisha kila wiki idadi ya mara kila mmoja alipopitwa na mpinzani. Hilo la mwisho halikuhitaji kubadili injini, na ndilo lililobadilisha watu. Sasa hivi tuna vijana wanaogombania wiki ya kutopitwa hata mara moja.

Shida ya pili ni wakongwe. Mtu aliyekaa misimu minane ana pointi ambazo mgeni hatazifikia kamwe. Hapo tumekuwa tukivutana sana.

#5

Salamu kutoka Nairobi. Nina swali kwa mleta mada. Umesema alama ya mbio ilikuwa ya kweli kwa Bo Jackson na Vick. Sisi tulikuwa na Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts 2013. Mwili upo, mbio zipo, nguvu zipo. Mbona hakutisha? Alicheza mechi chache tu, tena timu maalumu, wale wanaoingia wakati mpira unapigwa kwa mguu. Kwenye gemu nikijenga mtu wa aina hiyo anavunja ligi mara moja.

Pia boss, mizani mnayojadili mnasahau saa. Ligi yangu inaendeshwa Marekani, mechi zinachezwa saa 3 usiku kwao upande wa mashariki. Hiyo ni saa 10 alfajiri kwetu, na wao wakirudisha saa nyuma Novemba inakuwa saa 11. Mwenzangu wa Atlanta anabadilisha mpango wake dakika ya mwisho baada ya kuona mpinzani kaweka nini. Mimi nimelala.

#6 – Mleta mada

Dada wa #4, asante sana, huo mchango ni uzi unaojitegemea. Umenionyesha jambo jingine: safu ya mbele ikilingana kote ndipo nyota anapoonekana hana mpinzani. Kuhusu wakongwe, njia mbili nilizoona zinafanya kazi pamoja. Kwanza bei ya pointi ipande kadiri alama inavyopanda. Kutoka 60 kwenda 61 iwe rahisi, kutoka 90 kwenda 91 igharimu mara nyingi zaidi. Mkongwe atabaki bora, ila pengo litakuwa dogo kuliko tofauti ya pointi walizokusanya. Pili, umri ushushe alama kwa namna tofauti kwa kila nafasi, kwa sababu ndivyo mwili ulivyo: wabeba mpira huchakaa mapema, makwotabeki hudumu. Kwotabeki Tom Brady alitwaa Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa na miaka 43. Mbeba mpira wa umri huo hayupo. Mkishusha wote kwa asilimia moja ileile, kila mtu mwenye akili atajenga mbeba mpira kwanza, maana anakula makali yake bila kulipa uchakavu.

Ndugu wa Nairobi, mfano wa Adongo ni mzuri mno. Jibu liko kwenye alama ambayo gemu nyingi huita ufahamu. Adongo hakuwa amewahi kucheza mchezo huu kabla ya kusajiliwa. Mtu wa ulinzi kabla mpira haujaanza anasoma mpinzani amejipangaje, nani amesogea, mlinzi wa upande ule amelalia mguu gani, halafu ana sehemu ndogo ya sekunde ya kuamua aende wapi. Akikosea, mbio zake zinampeleka mbali na mpira kwa kasi zaidi. Kwenye gemu za kushika padi ufahamu unakufa kwa sababu wewe ndiye unayemwongoza, ufahamu wako ndio wake. Ndiyo maana watu wa mbio wana thamani ya juu kupindukia humo. Lakini kwenye injini inayojichezea yenyewe hakuna kisingizio. Kama kwenu mtu wa mbio 95 na ufahamu 40 anavunja ligi, basi namba ya ufahamu imewekwa kwenye jedwali kama pambo.

Hilo la saa linanigusa kwa sababu nipo kwenye hali hiyohiyo, na ni haki kabisa kuliita suala la mizani. Mipango ifungwe mapema, mfano zikiwa zimebaki saa 12 mechi ianze, na yaliyowekwa yasionekane hadi mechi iishe. Mwenye kukaa macho hatapata faida ya kukisia baada ya kuona. Pelekeni hoja hiyo kwa kamishna kama wachezaji wa ukanda huu, msiende mmoja mmoja.

#7

Nimefuatilia kimya. Naomba kuuliza: kwa nini injini isimsaidie tu kidogo aliyezidiwa? Ukiwa mbele kwa pointi 20, mpira uanze kukuponyoka, pasi zako zinaswe. Mechi inabaki na msisimko na hakuna anayeumia. Gemu za magari zinafanya hivyo siku zote.

#8 – Mleta mada

Mkuu, hapa nitakuwa mkali kidogo: mkono wa siri ndio kitu pekee kwenye mjadala huu nisichoweza kukivumilia. Watu wakishaanza kuhisi kwamba mpira uliwaponyoka kwa kuwa walikuwa mbele, hawataamini tena tukio lolote, hata yale ya haki. Kila kosa litakuwa la injini. Huwezi kujifunza kutoka kwenye mechi kama hujui ni kipi ulikisababisha wewe.

Na hauhitajiki. Futiboli hii ina bahati ya kutosha ndani yake. Takriban nusu ya mechi za NFL zinaamuliwa kwa pointi 8 au pungufu, yaani shambulizi moja. Msimu ni mechi 17 tu. New England ya 2007 ilishinda zote 16 za msimu wa kawaida, ikafungwa na New York Giants fainali 17 kwa 14. Katika zama za Super Bowl, timu iliyoshinda kila kitu mwanzo hadi mwisho ni moja tu, Miami ya 1972. Ligi yenu ikitoa timu isiyofungwa kila misimu miwili, kipimo hicho kinatosha kujua mtawanyiko umebanwa mahali fulani. Ufungueni, na aliyezidiwa atapata nafasi yake bila kuibiwa mtu.

Mnaotaka kubadili kanuni, badilisheni hadharani, kama ligi yenyewe inavyofanya. 1977 mabao yalikuwa yameshuka hadi wastani wa pointi 17.2 kwa timu kwa mechi. 1978 wakazuia beki asimguse mpokeaji baada ya yadi tano, wakaruhusu walinzi wa kwotabeki wanyooshe mikono. Kufika 1980 wastani ulikuwa umevuka 20. Hawakumpunguza beki yeyote, waliigusa kanuni, mapema, kwa wote. Na mwaka 2025 mmeona wenyewe ule mtindo wa Philadelphia wa kumsukuma kwotabeki kwa nyuma akihitaji yadi moja. Ni mchongo kama michongo ya gemu zetu, hakuna aliyekuwa amepata dawa yake. Wamiliki walipiga kura Mei kuufuta: 22 wakataka ufutwe, 10 wakakataa, zilihitajika 24. Ukabaki. Philadelphia walijua msimu ujao wanacheza kwa kanuni gani. Linganisha na kamishna anayeshusha alama za mchezaji wako wiki ya tisa kwa ujumbe wa mstari mmoja.

#9

Kaka, ni mimi wa #4. Drafti yetu ni baada ya wiki tatu na nimeupeleka uzi huu kwa kamishna mkuu. Amekubali kupima injini kabla ya kugusa alama za mtu yeyote. Tuna takwimu za misimu mitano, kila jaribio limeandikwa. Tuanzie wapi? Hatuna muda wa kupima kila kitu.

#10 – Mleta mada

Vizuri sana dada. Anzeni na mbio, kwa sababu ni rahisi kuhesabu na ndizo zinazobeba mengine. Chukueni mbio zote za misimu mitano, ondoeni za kwotabeki anayekimbia baada ya kukosa wa kumrushia, maana hizo zina tabia yake. Hesabuni zilizoishia yadi 3 au pungufu, pamoja na zilizorudi nyuma. Zikiwa chini ya nusu, mtawanyiko umebanwa, shughulikieni hilo kabla ya chochote. Halafu gawanyeni hesabu hiyohiyo mara mbili: ulinzi ulipokisia mbio na ulipokisia pasi. Makundi hayo mawili yakikaribiana, basi kwenu kukisia hakuna thamani, na hapo hata mkimshusha yule kwotabeki wenu hadi 80, atakayefuata atafanya yaleyale.

Mkipata namba ziwekeni hapa, tutazisoma pamoja kabla ya drafti.